Kabla ya kusema "ni mapenzi ya Mungu", tuulize daftari la ndege



Katika jimbo letu la Ituri, watu wengi ambao zamani wasingefikiria kupanda ndege leo hawana njia nyingine. Barabara ya taifa namba 27, inayounganisha Bunia na Mahagi, imeshambuliwa mara nyingi na watu wenye silaha. Wasafiri wameuawa, magari yamechomwa, mizigo imeporwa. Kwa hiyo mgonjwa mahututi, mjumbe anayekwenda kwenye sinodi, mwuguzi wa shirika la msaada na ofisa wa serikali, kila mmoja akiona barabara imefungwa huinua macho juu. Huku Mahagi-Port, kati ya ziwa na mlima, tumezoea sauti ya helikopta kiasi kwamba watoto hawaachi tena mchezo wao kuitazama.

Tunapoombea safari ya anga, kwa kawaida tunataja hali ya hewa, rubani na adui mwenye bunduki. Maombi hayo ni mazuri. Lakini kuna maswali ambayo hatuyaulizi: ni nani aliyekikagua chombo kile kabla hakijapaa? Aliandika nini? Na alichoandika kilisomwa na nani? Nataka tuyachunguze maswali haya, kwa sababu naamini ajali nyingi ambazo tumezizika kwa maneno "ni mapenzi ya Mungu" zilikuwa zimeonekana na mtu fulani kabla hazijatokea.

Tatizo linajulikana

Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2006 orodha yake ya kwanza ya mashirika ya ndege yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Kwa miaka mingi sasa mashirika yote yaliyopewa leseni na serikali ya Kongo yamo katika orodha hiyo. Wengi wetu tunachukulia jambo hili kama tusi, au kama hukumu kwamba kila rubani Mkongomani hajui kazi. Hilo si sahihi. Ndani ya orodha mna watu hodari na waangalifu. Lawama inaelekezwa kwanza kwa usimamizi: kwamba serikali haijaweza kuthibitisha, kwa wakaguzi wa kutosha na kwa maandishi yanayoaminika, kwamba kila ndege inayopaa imefanyiwa yale yaliyotakiwa.

Sheria tunazo. Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 inahusu usafiri wa anga wa kiraia. Tunayo mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, na tunayo ofisi ya kudumu ya kuchunguza ajali na matukio ya ndege, BPEA. Kinachokosekana mara nyingi ni kamba inayofunga vitu hivi pamoja: ripoti iliyokamilika, inayotoka kwa fundi hadi kwa mkubwa wake, kwa mkaguzi, na mwisho kwa wananchi.

Daftari linavyofanya kazi

Ndege haihesabiwi umri kwa miaka peke yake. Huhesabiwa kwa saa ilizoruka na mara ilizopaa na kutua. Baada ya idadi fulani ya saa, ukaguzi fulani ni lazima. Vipuri vingi vina kikomo: kikifika, kipuri kinatolewa hata kama kinaonekana kizima. Mtengenezaji akigundua hatari, hutuma maelekezo, na mamlaka inaweza kuyafanya amri kwa kila mwenye ndege ya aina hiyo. Kasoro ndogo inaweza kuahirishwa kwa muda uliowekwa, lakini lazima iandikwe kwamba imeahirishwa. Mwisho fundi mwenye leseni huweka sahihi. Sahihi hiyo ni ushuhuda: mimi nimeona, nimefanya, chombo kinafaa kuruka.

Kwa helikopta jambo hili ni zito zaidi. Injini ikizimika, rubani mwenye ujuzi anaweza kushuka kwa kutumia upepo unaozungusha mapanga makubwa ya juu. Lakini giaboksi inayobeba mapanga hayo ni moja tu. Ikivunjika angani, rubani hana la kufanya. Ndiyo maana ndani ya giaboksi kuna sumaku ndogo za kunasa vipande vya chuma. Kipande kikionekana pale, ni kama damu katika kikohozi: hakionyeshi bado ugonjwa ni upi, lakini hakiruhusu mtu kunyamaza.

Ujumbe uliofika nusu

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka mbali, Scotland, nchi yenye mafundi wengi na sheria kali. Nauleta hapa kwa sababu uchunguzi wake ulikamilishwa na kuwekwa hadharani, na kila mtu anaweza kujifunza kwake.

Tarehe 1 Aprili 2009, helikopta ya aina ya Super Puma ilikuwa inawarudisha wafanyakazi kutoka kwenye mtambo wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini kwenda mji wa Aberdeen. Giaboksi ilivunjika, mapanga ya juu yakang'oka, na watu wote 16 wakafa. Wachunguzi walipofuatilia maandishi, walikuta kwamba tarehe 25 Machi, siku saba kabla, sumaku ya giaboksi ilikuwa imenasa kipande kidogo cha chuma. Fundi alikiona. Hakukificha. Watu wa kampuni waliwasiliana na mtengenezaji kwa simu na kwa barua pepe.

Tatizo likaanzia hapo. Katika mazungumzo hayo, upande mmoja ulisema jambo na upande wa pili ukaelewa jingine. Hatua iliyotakiwa, yaani kuifungua sehemu ile ya giaboksi na kuikagua ndani, haikufanyika. Helikopta ikaendelea kuruka. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza ilitoka mwaka 2011. Mwaka 2014 jaji aliyesikiliza shauri la vifo hivyo huko Scotland alisema kwamba huenda ajali ile ingezuilika kama utaratibu ungefuatwa.

Tusiliache jambo hili lipite haraka. Watu wale hawakuwa wezi wala walevi. Hakuna aliyetaka mtu afe. Walikuwa na kompyuta, vitabu na fedha. Kilichopungua kilikuwa ukamilifu wa ujumbe. Kama nusu ya ujumbe iliweza kuua watu 16 mahali ambapo wote walizungumza kwa simu nzuri, tufikirie kwetu. Kitabu cha chombo kinaweza kuwa kimeandikwa kwa Kirusi, fundi anaandika kwa Kifaransa, ofisi ya msaada inatuma maagizo kwa Kiingereza, na wapakiaji wanaelewana kwa Kiswahili na Lingala. Kati ya lugha hizo tano, kipande kidogo cha chuma kinaweza kupotea bila mtu yeyote kusema uongo.

Kwetu, hatari iliyokuwa mbele ya macho

Historia yetu wenyewe ina kurasa nzito. Tarehe 8 Januari 1996 huko Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilishindwa kupaa ikaingia katika soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 walikufa, karibu wote wakiwa wauzaji na wanunuzi ambao hawakuwa na tiketi ya safari yoyote. Kesi iliyofuata ilionyesha kwamba ndege ile iliruka kwa vibali vya kuazima. Kwenye makaratasi kulikuwa na jina moja, na angani kulikuwa na kitu kingine.

Karibu zaidi nasi ni Goma. Mwezi Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na mawe ya moto yakafunika sehemu ya kiwanja cha ndege. Njia ya kurukia ikawa fupi. Hilo halikuwa siri: kila rubani aliliona, kila abiria aliweza kulitazama dirishani. Miaka ikapita. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia ile fupi na kuingia katika mtaa wa Birere wenye maduka na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa chini, kwenye biashara zao. Tarehe 24 Novemba 2019, katika mji huohuo, ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliyokuwa inakwenda Beni iliangukia nyumba za Mapendo muda mfupi baada ya kupaa. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha.

Ajali hizi tatu hazikuwa na chanzo kimoja, na sitaki kuzichanganya. Lakini zinatuonyesha jambo ambalo watu wa vijijini wanapaswa kulijua: usalama wa ndege si habari ya matajiri wenye tiketi. Mama anayeuza sombe chini ya njia ya ndege amewekwa ndani ya hesabu bila kuulizwa.

Anga ya vita

Katika Ituri na Kivu kuna ugumu mwingine. Helikopta nyingi tunazoziona ni za jeshi, au za ujumbe wa Umoja wa Mataifa, au zimekodiwa kwa ajili ya msaada. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unasema katika kifungu chake cha 3 kwamba hauhusu vyombo vya serikali vinavyotumika kwa jeshi, forodha na polisi. Hivyo chombo kinachopita juu ya nyumba zetu mara nyingi kuliko vingine kinaweza kuwa nje ya macho ya mkaguzi wa kiraia. Ukaguzi wake unabaki ndani ya jeshi lenyewe.

Tena vita hubadilisha swali la kwanza. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Umoja wa Mataifa ilianguka Rutshuru, na watu 8 wakafa. Mara moja jeshi la taifa na M23 wakaanza kulaumiana. Tarehe 5 Februari 2023 helikopta nyingine ya Umoja wa Mataifa ilipigwa risasi ikielekea Goma, na askari mmoja wa Afrika Kusini akauawa. Basi kuuliza "ni nani amepiga?" ni haki, kwa sababu risasi ni za kweli. Lakini swali hilo lisifunike swali la pili, la daftari. Mahali palipo na vita, mwenye chombo kibovu anaweza kupata kisingizio bila kukitafuta.

Sheria za kimataifa zinatusaidia hapa. Zinasema uchunguzi wa ajali ya ndege ya kiraia unafanyika kwa lengo moja, kuzuia ajali nyingine, bila kugawa lawama. Ripoti ya kwanza inatakiwa kutumwa ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho itolewe, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Ikichelewa, kila mwaka siku ile ikirudi itolewe taarifa ya uchunguzi umefika wapi. Ni mara ngapi familia za wafu wetu zimepokea karatasi kama hiyo mkononi?

Ziwa letu linatufundisha jambo lilelile

Msomaji wa Mahagi-Port atasema: mchungaji, sisi tunapanda mitumbwi, hatupandi helikopta. Nakubali. Lakini ugonjwa ni mmoja. Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyowabeba wakimbizi Wakongomani waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka Uganda ilizama katika Ziwa Albert. Zaidi ya watu 100 walikufa. Boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na hesabu za waliokufa zilitofautiana sana. Watu walilia bila kujua hata ni wangapi wanaowalilia.

Ndege ndogo za misheni, kama zile za MAF zilizohudumia Nyankunde na Bunia kwa miaka mingi, zimetuzoesha desturi nyingine. Kabla ya kupanda unapimwa wewe na mzigo wako, na jina lako linaandikwa. Hata mchungaji mwenye cheo hupanda kwenye mizani kama gunia la muhogo, na haoni aibu. Mizani ile haijui cheo, na ndivyo usalama unavyotakiwa kuwa.

Neno la Mungu linasema nini?

Yesu aliambiwa juu ya watu waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akawakumbusha juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13). Alikataa fikra kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Kwa hiyo tusiwahukumu waliokufa, wala tusiweke juu ya mazishi yao maelezo ambayo Bwana mwenyewe aliyakataa.

Lakini Biblia hainyamazi juu ya wajibu wa walio hai. Kutoka 21 inatofautisha ng'ombe aliyepiga pembe kwa mara ya kwanza na ng'ombe ambaye mwenyewe alikuwa ameonywa juu yake, naye asimfunge. Katika hali ya pili, damu ya marehemu inadaiwa kwa mwenye ng'ombe. Hii ndiyo sheria ya ripoti ya usalama, iliyoandikwa kabla ya ndege kuwako. Onyo likiisha kutolewa, mtu hawezi tena kusema "sikujua". Na anayeukataza mdomo wa mwonyaji anajiwekea deni lilelile. Kumbukumbu la Torati 22 inaamuru mjenzi aweke ukingo juu ya dari ya nyumba yake, ili mtu asianguke. Mungu hakusema: ombeni, na hakuna atakayeanguka. Alisema: wekeni ukingo.

Halafu tusome Matendo 27. Paulo alitoa onyo kabla ya safari. Akida alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko mfungwa. Sababu zao tunazifahamu: bandari haikuwa nzuri kukaa, na wakati ulikuwa unapita. Ni sababu zilezile zinazosikika leo kwenye kila kiwanja na kila gati. Tena Luka anatuandikia idadi ya waliokuwa ndani ya merikebu: 276. Katika dhoruba, wenye merikebu wakiwa wamekata tamaa, hesabu ya watu ilijulikana. Boti yetu ya mwaka 2014 haikuwa na hesabu kama hiyo.

Kanisa lifanye nini?

Wako watakaosema kwamba tukianza kuuliza maswali, ndege chache tulizo nazo zitaacha kuja, na mgonjwa atafia kijijini. Hofu hii ni ya kweli, na siidharau. Lakini kuuliza karatasi hakugharimu mafuta. Shirika lililo na daftari safi halikasiriki likiulizwa, linafurahi. Linalokasirika limekwisha kutujibu.

Kwanza, kila jumuiya, hospitali au idara ya kanisa inayokodi chombo iweke desturi ya kuuliza kwa maandishi: kibali cha AAC kiko wapi, ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, bima ipo, ni kasoro zipi zimeahirishwa? Majibu yatunzwe. Kwa mitumbwi tuulize yanayolingana nayo: mashua inabeba watu wangapi, jaketi za kuokoa ni ngapi, nani ana orodha?

Pili, orodha ya majina ibaki chini, kwa mtu asiyesafiri. Orodha iliyo ndani ya mtumbwi huzama na mtumbwi.

Tatu, viongozi wa kanisa wasiwe mzigo wa ziada. Wako wanaomshika rubani mkono na kumwambia, "ndugu, ongeza huyu mmoja tu, ni mtumishi wa Mungu." Rubani mcha Mungu anaona haya kukataa. Hapo cheo cha kiroho kimegeuka kuwa kilo zisizoandikwa.

Nne, tumlinde mwenye kuonya. Fundi anayekataa kuweka sahihi anahatarisha mkate wa watoto wake. Mara nyingi anaitwa mwoga, au adui wa kampuni. Huyu naye huketi kwenye mabenchi yetu siku ya Jumapili. Apate mchungaji wa kumsikiliza na kumtunzia siri. Apate na wazee watakaokwenda pamoja naye kwa mwenye mamlaka, na akifukuzwa, apate sadaka ya kumsaidia. Kanuni za kimataifa za usalama wa anga zinataka mwenye kuripoti kwa hiari alindwe. Pale serikali inapochelewa, kanisa lisingoje.

Tano, baada ya kila ajali, mahubiri ya mazishi yafuatwe na barua. Viongozi wetu wa kanisa katika jimbo, wakiwa pamoja na Wakatoliki na Waislamu, wanaweza kuuliza kwa heshima: ripoti iko wapi? Mwaka ukiisha waulize tena. Kumbukumbu ya wafu bila swali hilo ni nusu ya upendo.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ajali hazitaisha zote. Upepo wa ziwa na mawingu ya milima havisomi madaftari yetu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya msiba ambao hakuna aliyeweza kuuona na msiba ulioonekana, ukaandikwa nusu, ukafungiwa kwenye kabati. Wa kwanza tutaupeleka kwa Mungu kwa machozi. Wa pili, Mungu ataturudishia atuulize.

Jumapili hii mkiwaombea wanaosafiri kwa anga na kwa maji, waombeeni pia mafundi wao, kwamba Bwana awape macho ya kuona na ujasiri wa kuandika. Kisha, mkitoka ibadani, mwulizeni mwenye mtumbwi wa kesho: orodha iko kwa nani?